Mlango Usiohesabu Maneno

Usiku ule usingizi ulinikuta nimevaa viatu. Niliegemeza kichwa mezani, kando ya kompyuta, nikijiambia nafumba macho mpaka chai ipoe. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya bati la ofisi polepole, kama mtu anayemwaga mchele kwenye ungo bila haraka. Ndipo Mwalimu Tabitha alipokuja.

Niseme kwanza alikuwa nani, na kwa nini nilimhitaji.

Mwalimu Tabitha alitufundisha kuandika programu za mtandao, chuoni, Morogoro. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi shingoni, na chupa ya chai ya tangawizi aliyokwenda nayo kila mahali. Wenzake walifundisha kwa picha za ukutani. Yeye alifundisha kwa mlango. Kabla hatujaruhusiwa kugusa kompyuta, alimtoa nje mwanafunzi mmoja, akafunga mlango wa darasa, akamsimamisha mwingine ndani. Wa nje alikuwa mtu mwenye swali. Wa ndani alikuwa seva, ile kompyuta inayokaa mbali ikingoja maswali ya watu na kuyajibu.

"Piga hodi," alimwambia wa nje. "Sema shida yako."

Na wa ndani alipaswa kujibu kwa mdomo wake mwenyewe, mbele yetu sote. Akijibu hovyo tulimzomea. Tuliuita mchezo wa mlango, na tulicheka mpaka darasa la jirani likalalamika. Lakini mpaka leo siwezi kuandika huduma yoyote ya mtandao bila kusikia mkono ukigonga mbao. Sijapata kumwona mtu mwingine aliyeweza kuifanya mashine ionekane kama mwenyeji, na swali la mtu asiyejulikana kama mgeni aliyelowa mvua.

Alifariki masika yaliyopita, kwa ugonjwa aliouficha hadi mwisho. Sikuwahi kumwota, ingawa nilitamani.

Masika haya mto ulitoka njiani ukaingia bondeni, ukapita katikati ya vijiji. Watu walikimbilia shule zilizo juu, kila mmoja kwa lori au mtumbwi uliomfikia kwanza, na watoto wengi wakajikuta kambi moja na wazazi wao kambi nyingine. Kamati ya watu wa kujitolea ikaniomba niandike huduma ya kuwatafuta. Kila kambi ilikuwa na mtu mwenye simu. Aliandikisha watoto waliofika peke yao, na aliuliza kwa niaba ya wazazi. Swali lake lilisafiri kama anwani ya mtandao mpaka kwenye seva yangu, na seva ikarudisha watoto waliofanana na swali.

Anwani hiyo nilikuwa nimeipanga kama ngazi. Jina la mtoto, kisha mkwaju, ule mstari wa mlazo unaotenganisha maneno, umri, mkwaju, kijiji, mkwaju, nguo aliyovaa, mkwaju, na mwisho kabisa alama ya kumtambulisha, kama kovu au jino lililong'oka. Vipande vitano, kwa mpangilio huo na si mwingine. Nilipoimaliza niliipenda. Ilikuwa imenyooka kama wanafunzi paredi.

Jioni Dotto akanipigia. Dotto ni mwalimu wa hisabati aliyejitolea katika kambi ya sekondari, mtu wa maneno mengi na moyo mkubwa kuliko maneno yake.

"Dada Neema," akasema, "mlango wako una kiburi kuliko karani wa benki."

"Umeufanya nini tena?"

"Mimi? Nimeuliza tu, nimefukuzwa. Nina bibi hapa anatafuta mjukuu. Umri anaujua, kaptula anaijua. Jina analoitwa shuleni halijui, yeye siku zote anamwita Mume Wangu. Niandike Mume Wangu?"

Nikacheka. "Weka kistari mahali pa jina."

"Nimeweka kistari. Mashine yako imekwenda kutafuta mtoto anayeitwa Kistari."

Tukacheka wote wawili, kisha nikasikia kelele za kambi nyuma yake, sufuria, vikohozi, mtu akiita jina la mtu.

"Yupo mama mwingine," akasema kwa sauti ya chini. "Mama Rukia. Ana jina, ana umri, ana kijiji. Nguo ndiyo hana. Mtoto alikuwa amefungwa khanga tu, anasukwa nywele mlangoni, maji yakaingia. Jirani akamnyakua mtoto, mama akavutwa upande mwingine. Hiyo khanga imeokotwa mtoni leo asubuhi. Anayo mkononi, amekaa nayo."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Sasa haachi kuongelea nywele, dada. Nywele, nywele."

"Nywele ziko chini ya alama," nikasema, "na alama ni ya mwisho. Huwezi kuifikia bila nguo. Nipe nguo kwanza."

"Nimekwambia nguo ninayoijua iko mkononi mwa mama."

"Basi mwambie asubiri, Dotto. Natengeneza."

"Asubiri mpaka lini? Kesho asubuhi lori linapita kambi zote kuchukua watoto wasiotambuliwa, wanapelekwa makao ya mkoani. Wakishafika huko ni mambo ya mihuri na njoo wiki ijayo. Na sijui kama huyu mama atakula kitu mpaka wiki ijayo."

Akakata simu kwa heshima, kama afanyavyo, akisema asante ambayo sikustahili.

Nikakaa kutengeneza. Nikaandika njia ya mtu mwenye jina peke yake. Nikaandika ya mwenye jina na umri. Nikaandika ya mwenye umri na nguo bila jina, kisha nikamkumbuka mwenye nguo na alama, kisha mwenye kijiji peke yake, na kila njia niliyoiandika ilizaa nyingine mbili. Kioo cha kompyuta kilijaa. Nilikuwa najenga mlango mpya kwa kila mgeni, na wageni walikuwa hawaishi. Chai ilikuwa ya moto. Nikafumba macho.

Nilikuwa chuoni. Maabara ileile ya kompyuta, madirisha makubwa, jua la asubuhi limemwagika juu ya meza, ingawa kwa mbali niliendelea kusikia mvua. Kompyuta zote zilikuwa zimezimwa na kufunikwa vitambaa vyeupe. Mwalimu Tabitha alikuwa amekaa juu ya meza ya mbele, miguu ikining'inia kwa sababu ya ufupi wake, akimimina chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa. Amenenepa. Mashavu yamerudi. Sikushangaa kumwona, nilishangaa tu jinsi miwani yake ilivyokuwa safi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Viatu vimekukosea nini hata unalala navyo?"

Nikataka kulia nikacheka. Nikamwuliza swali la kijinga, lililokuwa karibu na ulimi. "Mwalimu, huko mnafundisha?"

"Huko hakuna mitihani," akasema, akinipa kifuniko cha chai. "Ndiyo maana nimenenepa."

Chai ilikuwa na tangawizi nyingi kama zamani, ile inayokata koo na kufungua pua. Nikainywa. Nilipoinua macho alikuwa ameshashuka mezani na anasukuma mlango wa darasa.

"Kaa ndani," ananiambia. "Leo wewe ndiye seva."

Nami nakaa, lakini darasa si darasa tena. Ni chumba kidogo mwisho wa ujia mrefu, na kwenye ujia ule kuna milango mitano, mmoja nyuma ya mwingine. Naiona yote kupitia matundu ya funguo, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Juu ya mlango wa kwanza pameandikwa kwa mwandiko wangu, Jina. Juu ya wa pili, Umri. Kijiji. Nguo. Na huu ulio mbele yangu, Alama. Mimi nimekaa nyuma yake na watoto wako nyuma yangu. Nawasikia wakipumua, wengi, kama darasa lililoambiwa linyamaze.

Huko mbali, kwenye mlango wa kwanza, watu wanagonga.

Bibi mmoja anasema, "Ana miaka sita, kaptula ya bluu." Mlango wa Jina haufunguki. Mwanamume aliyevaa koti la mvua anasema kijiji, anakisema tena kwa sauti kubwa zaidi kama anadhani mlango haujasikia. Haufunguki. Nyuma yao kuna mama amekunja khanga kifuani. Huyo anafungua mlango wa kwanza, anafungua wa pili, anafungua wa tatu, na kwenye wa nne anasimama. Ameweka paji la uso juu ya mbao. Kati yangu na yeye umebaki upana wa chumba kimoja. Naona mdomo wake ukitamka jambo, na najua ni neno lililoandikwa juu ya mlango wangu mimi, huu wa mwisho, na siwezi kumfungulia kwa sababu huo wa nne ndio haufunguki.

"Mwalimu," naita, "amefika karibu."

Mwalimu Tabitha amesimama pembeni yangu, mikono nyuma. Haniambii kitu. Alikuwa hivyohivyo chuoni. Mwanafunzi akikwama alikaa kimya kwa upendo mkubwa, mpaka ukimya wenyewe ukakuonyesha pa kushika.

Nashika mlango wangu. Naunyanyua kwenye bawaba zake, na unatoka mwepesi kama pazia. Naulaza chini. Nautoa na wa nne, kisha wa tatu. Mwalimu anavua viatu, ananisaidia, na kwa pamoja tunaondoa ule wa Umri na ule wa Jina, na ujia wote unabaki uwazi mmoja wenye hewa. Mwisho wake hakuna tena mlango. Kuna dirisha la kupokelea vifurushi, kama lile la stendi, lenye ubao mpana ulioliwa na mikono ya watu. Mimi niko upande wa ndani. Upande wa nje wamejipanga.

"Karibuni," nasema.

Bibi anakuja wa kwanza. Anaweka juu ya ubao vifurushi viwili vidogo, kila kimoja kimeandikwa jina lake juu. Kimoja kimeandikwa umri, ndani yake mna sita. Kingine kimeandikwa nguo, ndani yake mna kaptula ya bluu. Ananitazama kama anangoja kuulizwa la tatu. Siulizi. Nageuka na vifurushi vile viwili, nawapitia watoto mmoja mmoja, na kila mtoto namtazama kwa mambo hayo mawili tu, umri wake na nguo yake. Jina wala kijiji sivigusi, maana hakuvileta. Wavulana wawili wanainuka. Mmoja wao anakimbia.

"Mume wangu," anasema bibi, kwa sauti ya mtu anayemgombeza aliyechelewa chakula.

Anayefuata ameleta kijiji kwanza na jina mwisho. Haidhuru. Kila kifurushi kinajieleza chenyewe, sina haja ya kujua kimekaa wa ngapi. Mwingine ameleta vifurushi viwili vyenye maandishi yaleyale, jina na jina. "Shule anaitwa Maria," ananieleza, "nyumbani Chausiku. Sijui huko kambini amesema lipi." Napokea yote mawili, nawauliza watoto, nani Maria au nani Chausiku, na sauti ndogo inaitika kutoka nyuma kabisa. Nimeanza kuchangamka. Mikono yangu inakwenda yenyewe. Namtazama Mwalimu nione kama anaona, naye anakunywa chai.

Kisha mama kijana anaweka ubaoni kifurushi ambacho maandishi yake sijawahi kuyaona. Kimeandikwa harufu.

"Mwanangu naijua harufu yake," ananiambia. "Hata gizani."

Sina pa kuitafuta. Naona haya kumkatisha tamaa. Nakisukuma kifurushi chini ya ubao kimyakimya na kugeuka, nikitaka kumletea watoto wote waliomo ndani, aone kwamba nimejitahidi. Mkono wa Mwalimu unanishika bega. Ni wa moto, na unanuka chaki.

"Usijifanye umesikia," anasema.

Nageuka. Nakirudisha kifurushi juu ya ubao, mbele ya mama yule. "Hii sijui kuitafuta, mama. Naomba radhi. Una kingine chochote?"

Anafikiri. Uso wake haujakasirika. "Ana kovu la pasi mkononi," anasema.

"Hilo nalijua. Karibu."

Na baada yake anakuja mzee asiye na kitu. Ameweka mikono mitupu juu ya ubao na anaitazama, kana kwamba anangoja ijae. Hajui mtoto alitajwa jina gani hapa, hajui alivaa nini, ameambiwa tu kwamba huenda yuko hai. Namwangalia Mwalimu. Mwalimu anaangalia dirishani. Najua nikimwachia watoto wote kwa mara moja watamfunika, hatamwona hata mmoja. Najua pia siwezi kumwambia rudi ukiwa na kitu. Kwa hiyo nawaita watoto wachache, nawasimamisha mbele yake katika mstari mfupi. "Watazame hawa, mzee. Ukimaliza niambie, nilete wengine. Wapo."

Anawatazama mmoja mmoja, polepole sana. "Wengine," anasema. Nawaleta.

Sikusikia Mwalimu alipoondoka kando yangu. Niliinua macho nikamwona upande wa nje wa dirisha, mwisho wa foleni, amejipanga kama wengine. Na si foleni tena. Ni jikoni kwake, kule nyumba za walimu, ambako alitupikia viazi siku tuliyomaliza chuo, na dirisha langu ni lile dirisha dogo la kupitishia sahani. Jiko linawaka. Ameketi kwenye kigoda akinipa mgongo, na kwa mara ya kwanza naona kichwa chake hakina kitambaa. Upande mmoja nywele zimesukwa mistari myembamba, iliyonyooka, kazi ya mkono unaojua. Upande wa pili zimeachwa, zimesimama kama moshi.

"Hodi," anasema, bila kugeuka.

"Karibu, Mwalimu."

"Nimekuja na moja tu."

Anainua mkono, anaugusa upande uliosukwa, kisha upande ule mwingine. Haniambii jina lake, ingawa nalijua. Haniambii umri wake, wala alikotoka. Nami, badala ya kuuliza, nachukua hilo moja alilolileta na kugeuka nalo kwa watoto. Nawapitia. Kila mtoto namtazama kichwani, basi. Wanainamisha vichwa mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, kama wanaokaguliwa shuleni. Ukutani kabisa kuna mmoja amenipa mgongo. Ni mdogo. Ameweka viganja vyote viwili juu ya kichwa, kama mtu anayezuia kofia isipeperuke.

Nageuka nimwambie Mwalimu nimempata. Yuko karibu sana sasa, uso wake uko katika kidirisha, miwani safi, macho yaleyale yaliyokuwa yakitusamehe kabla hatujakosea. Nataka kumwambia mengi. Nataka kumwambia kwamba kila kilicho kizuri katika kazi yangu nilikiokota kwake, na kwamba sikumwambia kwa sababu nilidhani yupo tu, kama ukuta ulivyopo. Naona anajua. Ananipokonya kifuniko cha chai mkononi, anakifunga juu ya chupa yake.

"Usimhesabie alichokosa," anasema. "Chukua alicholeta, umtafutie nacho."

Anatoka. Mlango anauacha kama alivyouacha siku zote, haukufungwa wala haukufunguliwa, umebaki uwazi wa kupita sauti.

Nikaamka.

Palikuwa pamekucha. Mvua ilikuwa imekatika na matone ya mwisho yalidondoka kwenye ndoo nje. Chai yangu ilikuwa baridi, juu yake utando. Lakini kooni nilikuwa na tangawizi, na sikuwa nimetia tangawizi.

Sikufikiri. Nilifuta ngazi yote. Nikafuta na zile njia nyingi nilizokuwa nimezaa jioni. Kwenye anwani nikaacha neno moja, watoto, na baada yake alama ya kuuliza, na baada ya alama ya kuuliza kila mtu aandike alichonacho: jina la kitu, alama ya sawasawa, kitu chenyewe. Mwenye vitu viwili aviunganishe. Mwenye vitano aviunganishe vitano. Akianza na kipi, haijalishi. Akirudia jina mara mbili, yote mawili yapokelewe. Akileta kisichojulikana, aambiwe kwa upole kwamba hicho hakijulikani hapa. Asiye na kitu aletewe wachache wachache. Na seva ipitie vilivyoletwa tu, ichuje kwa kimoja, kisha kwa kinachofuata, mpaka viishe. Msimbo, yale maandishi ya programu, uliokuwa umejaza vioo vitatu ukatosha kwenye kimoja. Niliuangalia nikatambua mwandiko ambao haukuwa wangu.

Ningeweza kumtafuta mtoto mmoja kwa mkono wangu. Lakini nyuma ya Mama Rukia nilikuwa nimeona foleni.

Nikampigia Dotto. Aliitika kwa sauti ya mtu ambaye hakulala.

"Lori limefika?"

"Liko kambi ya kwanza. Kwetu bado. Umetengeneza?"

"Nimetengeneza. Bibi yako yupo?"

"Mke wa Kistari? Yupo."

"Tuma umri na kaptula. Usiweke kingine."

Nikasikia vidole vyake kwenye simu. Kisha nikasikia kicheko, si chake, cha mwanamke mzee, kikianza kidogo na kuongezeka. "Dada," akasema Dotto, "wameniletea wawili. Mmoja yuko ng'ambo ya mto, na bibi anasema ndiye, anasema hata jina lililoandikwa hapo si lake, amewadanganya."

"Sasa Mama Rukia."

Akaandika jina, akaandika umri, akaandika kijiji, akaandika nywele chini ya alama. Jibu likarudi tupu. Nilijua kwa jinsi alivyoshusha pumzi. Hapo ndipo nilipomwona tena Mwalimu amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, hajaniambia hata jina lake.

"Dotto, ondoa jina. Ondoa kijiji, ondoa umri. Kama mtoto haongei, waliomwandikisha wangelijua wapi jina lake? Acha nywele peke yake."

"Nywele tu?"

"Nywele tu."

Mahali fulani kambini jogoo aliyenusurika aliwika. Kisha Dotto akaanza kusoma, neno kwa neno, kama anasomea darasa. "Msichana. Takribani miaka minne. Haongei. Kambi ya shule ya msingi, ng'ambo. Nywele zimesukwa upande mmoja." Akasita. "Kuna maelezo hapa chini. Anakataa kuguswa kichwa."

Nilisikia simu ikibadilisha mikono. Nilisikia pumzi ya mtu nisiyemjua, karibu sana na sikio langu, na msuguano wa kitambaa.

"Wewe ndiye mwenye mlango?" Mama Rukia akaniuliza.

"Ndimi, mama. Nawapigia sasa hivi wasimpakie kwenye lori."

"Wapigie," akasema. "Na uwaambie wasimsuke huo upande wa pili. Wamwache hivyo. Nakuja kumalizia."